Miaka 18 Bila Kukamatwa: Namna ya Kuisoma Nishani ya Mpiga Ngoma wa Jeshi la Uingereza

Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema ya Jeshi la Uingereza haina neno hata moja kuhusu muziki. Hakuna ngoma juu yake iliyowekwa kwa heshima ya wapigaji, wala hakuna toleo maalumu la watu wa bendi. Aliyepiga klarineti miaka ishirini na aliyechunga nyumbu wa kubeba mizigo miaka ishirini walipewa kipande kilekile cha fedha na utepe uleule. Hata hivyo, wakusanyaji na wanaotafuta habari za babu zao hushughulika sana na nishani za wapiga ngoma na watu wa bendi, na ndizo zinazoongoza kwa kuwachanganya watu. Sababu ni tatu: namna miaka ilivyohesabiwa, maana ya neno "mpiga ngoma" jeshini, na maandishi madogo yaliyo kwenye ukingo.

Askari wenyewe waliipa majina ya utani. La kwanza, ambalo bado linatumika, ni kwamba ni nishani ya miaka mingi ya makosa yasiyogunduliwa. La pili lilitoka India: waliiita nishani ya roti, kwa kuwa mwenye nayo alikuwa amekula mkate wa serikali kwa muda mrefu kuliko wenzake. Roti hiyo ni hii hii tunayoijua sisi. Majina yote mawili yanasema kweli kuliko hati ya mfalme. Nishani hii hupewa mtu aliyekaa muda mrefu na ambaye kitabu cha makosa cha kikosi hakina la kumshitaki.

Kwanza ni vizuri kujua mpiga ngoma alikuwa nani, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Katika jeshi la miguu la karne ya 19 kulikuwa na makundi mawili ya wanamuziki yasiyofanana. Kundi la kwanza lilikuwa la ngoma na filimbi. Kila kombania ilikuwa na wapiga ngoma wake, kwa kawaida wawili, na kazi yao haikuwa burudani. Ngoma, na baadaye buruji, ilikuwa ndiyo saa na simu ya kambi: kuamka, kula, kukusanyika, kusonga mbele, kurudi nyuma, kuzima taa. Mpiga ngoma alikuwa na nafasi yake kamili kwenye orodha ya kikosi na mshahara uliopita kidogo ule wa askari wa kawaida. Kundi la pili lilikuwa bendi yenyewe, ile ya klarineti, pembe na tarumbeta. Hii ilikuwa mali ya maafisa kwa kiasi kikubwa: wao ndio waliochanga pesa za ala, sare na noti. Wanaume wa bendi walitolewa kwenye kombania zao na kwenye daftari waliendelea kuandikwa askari wa kawaida.

Matokeo yake yanaonekana kwenye nishani. Mpiga ngoma ana nafasi nzuri ya kuandikwa "Drmr." au "Drumr." kwenye ukingo. Mtu wa bendi wa enzi za Victoria mara nyingi ameandikwa "Pte." tu, yaani askari wa kawaida, kama wenzake mia saba. Hivyo mtu anaweza kushika nishani ya mpiga obo aliyetumikia bendi utu uzima wake wote, na chuma hicho kisimwambie lolote. Makosa ya upande wa pili yapo pia: mtu akiona "Drmr." hujenga picha ya mtoto mwenye ngoma shingoni, kumbe mwenyewe alikuwa mwanaume wa miaka arobaini mwenye masharubu, na ala yake ilikuwa filimbi au buruji. "Mpiga ngoma" lilikuwa jina la nafasi. Halikutaja umri, na halikutaja ala.

Wakuu wa bendi wana shida yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wengi walikuwa raia wa kukodishwa, Wajerumani na Waitalia wakiwa wengi, na raia hapewi nishani ya askari. Mambo yalianza kubadilika baada ya gwaride la sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria huko Scutari, Uturuki, mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea. Bendi zilipiga wimbo wa taifa kwa pamoja, kila moja na mpangilio wake na ufunguo wake. Aibu hiyo ilimsukuma Duke wa Cambridge kuanzisha shule ya muziki ya jeshi, iliyofunguliwa mwaka 1857 Kneller Hall, karibu na Twickenham. Kuanzia hapo wakuu wa bendi wakawa askari waliofunzwa, na majina yao yakaanza kuonekana kwenye orodha za nishani.

Sasa hesabu. Mfalme William IV aliianzisha nishani hii mwaka 1830. Sharti lilikuwa miaka 21 kwa askari wa miguu na 24 kwa wapanda farasi. Mwaka 1870 likashushwa hadi miaka 18, na likakaa hapo zaidi ya karne nzima. Mwaka 1977 likashushwa tena, hadi miaka 15. Kwa hiyo mtu asiseme "nishani ya miaka 18" kabla hajajua nishani aliyonayo ni ya mwaka gani.

Kwa mpiga ngoma, hesabu ina mtego wa ziada: utoto. Wavulana waliandikishwa wakiwa na miaka 14, na mahali pao pa kawaida palikuwa kwenye ngoma au bendi. Wengi walikuwa watoto wa askari waliozaliwa kambini, wengine yatima. Lakini miaka ya kabla ya kutimiza 18 kwa kawaida haikuingia kwenye hesabu ya utumishi. Tuchukue mvulana aliyeandikishwa mwaka 1872 akiwa na miaka 14. Anatimiza 18 mwaka 1876, na saa ya nishani inaanza kugonga hapo. Akienda bila doa, anaifikia mwaka 1894, akiwa na miaka 36 ya umri na 22 ya kuvaa sare. Mjukuu anayetafuta kumbukumbu akijumlisha 18 kwenye 1872 atapekua orodha za mwaka 1890, hatamwona babu, na ataamua kwamba nishani ni ya bandia. Kosa ni lake, si la nishani. Siku za kifungo na za utoro nazo zilikatwa, hivyo miezi michache ya kuchelewa huwa na kisa nyuma yake.

Mwaka huohuo wa 1870 ulileta jambo jingine. Sheria mpya ya uandikishaji ilileta utumishi mfupi: miaka 12 kwa jumla, ambapo kwa askari wa miguu karibu nusu ilikuwa kambini na iliyobaki ni ya akiba nyumbani. Askari wa kawaida alianza kwenda zake mapema, na kufikisha miaka 18 kukawa jambo la waliochagua kubaki. Waliobaki walikuwa nani? Masajini, mafundi, na watu wa muziki. Mvulana aliyelelewa kwenye bendi hakuwa na kijiji cha kurudi, na ufundi wake ulikuwa na mnunuzi mmoja mkuu, ambaye ni jeshi. Mimi naona hapo ndipo palipo jibu la swali la kwa nini ngoma na bendi zinaonekana mara nyingi kwenye nishani hizi kuliko idadi yao kikosini. Hawakuwa watakatifu kuliko wengine, ila walikaa.

Tabia njema nayo ilikuwa na ngazi zake, na zilionekana kwa macho. Kuanzia 1836 askari asiye na makosa alipewa tepe za tabia njema, zenye umbo la V iliyogeuzwa, ncha juu, chini ya kiwiko. Kila tepe ilileta peni moja ya ziada kwa siku. Kwa mtu anayelipwa shilingi moja kwa siku, yaani peni 12, hiyo haikuwa pesa ya kudharau. Baada ya 1870 tepe zilikuja kwenye mwaka wa 2, wa 6, wa 12 na wa 18. Tepe hizi zilikuwa za walio chini ya cheo cha koplo, na ndiyo maana picha za zamani za wapiga ngoma zinaonyesha mtu mzima mwenye tepe nne mkononi ambaye bado si kiongozi wa mtu yeyote. Watazamaji wa leo humwita sajini. Angalia ncha inaelekea wapi na tepe ziko wapi: za cheo kwa kawaida ziko juu ya kiwiko na ncha yake iko chini, za tabia njema ziko karibu na kifundo cha mkono na ncha yake iko juu.

Kilichoharibu safari ya wengi kilikuwa pombe. Kulewa zamu, kuchelewa kurudi, kuuza vifaa vya serikali: kila kosa liliandikwa, tepe ilivuliwa, na saa ilirudishwa nyuma. Aliyefikishwa mahakama ya kijeshi alikuwa amejiweka mbali sana na nishani, na aliyekuwa nayo tayari aliweza kunyang'anywa. Watu wa bendi walikuwa na vishawishi vyao, maana bendi ilikodishwa kupiga kwenye bustani, karamu na mbio za farasi, na mwenyeji mkarimu huwa hasahau kuwajazia wanamuziki bilauri.

Kuna kinaya hapa kisichosemwa sana. Hadi adhabu ya viboko ilipofutwa mwaka 1881, waliopiga mjeledi wa mikia tisa katika jeshi la miguu walikuwa wapiga ngoma. Walisimama kwa zamu, kila mmoja akipiga viboko 25 kisha kumwachia mwenzake, huku mkuu wa ngoma akisimamia na kuhesabu. Aliyepata nishani ya tabia njema katika miaka hiyo huenda aliufahamu mgongo wa mwenzake aliyeikosa.

Nishani ilikuja na pesa. Mwanzoni askari wa kawaida alipewa kiinua mgongo cha pauni 5 na sajini pauni 15. Mpiga ngoma alihesabiwa pamoja na askari wa kawaida.

Tugeukie chuma chenyewe. Ni duara la fedha lenye kipenyo cha milimita 36. Upande wa nyuma una maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa utumishi mrefu na tabia njema". Upande wa mbele, kuanzia 1830 hadi mwisho wa enzi ya Victoria, hauna kichwa cha mfalme wala malkia. Una rundo la silaha na bendera na nembo ya kifalme katikati, kazi ya mchongaji Benedetto Pistrucci, yuleyule aliyechora Mtakatifu George wa sarafu ya dhahabu ya Uingereza. Toleo la William IV lina ngao ndogo ya Hanover, ufalme wa Kijerumani aliokuwa akiutawala pia, ndani ya nembo. Victoria hakurithi Hanover, kwa hiyo ngao hiyo iliondoka baada ya 1837. Kichwa cha mtawala kilianza kuonekana na Edward VII, na kimeendelea mpaka Charles III.

Sehemu ya kuning'inizia ndiyo kalenda ya haraka. Pete ndogo ya chuma: nishani ya mwanzo kabisa. Upau wa mapambo yaliyopindwa, unaoweza kuzungushwa: kuanzia katikati ya miaka ya 1850. Upau usiozunguka wenye maneno "Regular Army", yaani jeshi la kudumu: kuanzia 1930, nishani ilipopangwa upya ili nchi nyingine za himaya nazo ziwe na upau wa jina lake.

Utepe ulikuwa mwekundu mtupu, rangi ile tunayoiita damu ya mzee. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kingo nyeupe ziliongezwa, kwa sababu ulifanana mno na utepe wa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mtu aliyevaa vipande vya utepe tu bila nishani, kama ilivyo desturi ya kila siku, aliweza kudhaniwa shujaa wa vita kumbe ni mpiga filimbi mwenye nidhamu. Utepe ni kitambaa na hubadilishwa, kwa hiyo usiutumie kama ushahidi wa tarehe. Nishani ya Victoria yenye utepe wa kingo nyeupe si lazima iwe ya bandia. Huenda mwenyewe au mwanawe alinunua utepe mpya dukani.

Ukingo ndio wenye habari. Kwa mpangilio wa kawaida kuna namba, cheo, jina, kisha kikosi. Tuseme umesoma "1204 Drmr. J. Brown, 57th Foot". Kila kipande kina kazi yake. "57th Foot" inasema ni kabla ya 1881, maana mwaka huo namba za vikosi vya miguu ziliondolewa na majina ya majimbo yakashika nafasi. Kikosi cha 57 kikaungana na cha 77 kuwa kikosi cha Middlesex. Namba 1204 ni ya kikosi hicho tu, na kila kikosi kilikuwa na 1204 wake. Namba za jeshi zima zilianza mwaka 1920, na ni ndefu zaidi. Nishani za miaka ya mwanzo zina pia tarehe ya kuacha kazi, kwa sababu wakati ule mtu alipewa nishani akiwa anaondoka.

Vifupisho vya wanamuziki vinatofautiana kwa aina ya jeshi. "Drmr." ni wa miguu. "Bugr." au "Buglr." ni mpiga buruji, hasa vikosi vya bunduki na wepesi. "Tptr." ni mpiga tarumbeta wa wapanda farasi au mizinga. "Piper" ni mpiga zumari wa vikosi vya Waskoti na Waayalandi. "Bdsmn." ni mtu wa bendi, na huonekana zaidi karne ya 20. "Musn." ni mwanamuziki: zamani ulilikuta kwenye vikosi vya walinzi wa kifalme, na limeenea tangu vikosi vyote vya muziki vilipowekwa chini ya idara moja ya muziki ya jeshi mwaka 1994. Kimoja kinachowapiga chenga hata wazoefu ni "Serjt. Drmr." Hakuwa sajini aliyependa ngoma. Huyo ndiye mkuu wa ngoma mwenyewe, anayetembea mbele na fimbo yake. Cheo cha "drum major" kilifutwa kwenye karatasi rasmi mwaka 1881 na hakikurudi mpaka 1928, ingawa kambini kila mtu aliendelea kumwita kwa jina la zamani.

Kumbuka pia kwamba ukingo unaonyesha cheo alichokuwa nacho siku nishani ilipotolewa. Aliyepiga ngoma miaka 15 kisha akawa koplo ataandikwa koplo.

Nishani mbili za jirani huchanganywa na hii. Ya kwanza ni ya askari wa kujitolea wa Uingereza, iliyoanzishwa 1894: miaka 20, utepe wa kijani, na neno "tabia njema" halimo. Wanamuziki ni wengi humo, kwa sababu bendi nzima za shaba za miji ya viwanda zilijiandikisha pamoja na kuwa bendi za vikosi vya kujitolea. Nyingi zilitolewa bila jina, na kikosi au mwenyewe akachongesha mjini. Hivyo herufi za mapambo na jina lililochongwa vibaya, ambavyo kwenye nishani ya jeshi la kudumu vingetia shaka, hapa ni kawaida.

Ya pili ni ya kwetu. King's African Rifles, kikosi kilichoundwa 1902 na kuandikisha watu wa Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na baadaye Tanganyika, kilipata nishani yake ya utumishi mrefu na tabia njema mwaka 1907. Sharti lilikuwa miaka 18, na utepe ni damu ya mzee wenye mstari wa kijani katikati. Ilikuwa ya askari na masajini Waafrika. Bendi zilikuwepo, na muziki wa gwaride ulivuka ukuta wa kambi ukaingia mitaani. Ngoma ya beni ya pwani, na safu zake, vyeo vyake vya kuigiza na ala za shaba, ilikuwa imekwisha kuota mizizi kabla ya Vita Kuu. Ukikuta nishani ya babu wa Kiafrika wa kikosi hicho, usiitafute kwenye orodha za jeshi la Uingereza lenyewe.

Utaratibu wa sasa ni mfupi kuueleza. Miaka 15 huhesabiwa tangu kuandikishwa au tangu umri wa miaka 17 na nusu, ipi inakuja baadaye. Mwanamuziki wa leo akianza mapema kabisa huifikia akiwa na miaka 32 na nusu. Kamanda wake hupitia rekodi ya nidhamu na kupendekeza, na kila miaka 10 zaidi huleta bamba dogo juu ya utepe. Maafisa walikaa nje kwa muda mrefu, isipokuwa waliopanda kutoka ngazi za chini. Sasa wanastahili, wakiwemo wakuu wa muziki wenye nyota begani, ilimradi walikuwa kazini tarehe 29 Julai 2014 au baadaye.

Mwisho ni udanganyifu, kwa kuwa neno "Drmr." huongeza bei. Njia ya kawaida ni kukwangua "Pte." na kuandika upya cheo peke yake, jina na kikosi vikiachwa vilivyo ili vilingane na kumbukumbu. Kwa hiyo usiangalie jina, angalia cheo. Pima kipenyo kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia upana, sehemu nne au tano: ukingo uliokwanguliwa huwa chini ya milimita 36 hapo tu, au huwa na bonde dogo ambalo ukucha unalihisi. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi ulinganishe kina cha herufi za cheo na za jina. Zilizogongwa kwa chapa zina kitako bapa na kina kimoja. Zilizochongwa kwa mkono zina mtaro wenye umbo la V na mikwaruzo ya kuanzia na kumalizia. Aina zote mbili ni halali kwa vipindi tofauti, lakini hazikai pamoja kwenye ukingo mmoja. Tazama pia uchakavu: herufi mpya zina makali, huku jina pembeni yake likiwa limelainika kwa miaka mia ya kung'arishwa.

Kisha nenda kwenye daftari. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew ina orodha za waliopewa nishani hii tangu 1831 hadi 1953, katika fungu liitwalo WO 102, na hati za kuacha kazi za wengi wao hadi 1913 ziko katika WO 97. Hati ya kuacha kazi inataja umri wa kuandikishwa, tepe alizokuwa nazo, na mara ngapi aliingia kitabu cha makosa. Kwa waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza jiandae kukosa, kwani sehemu kubwa ya hati zao iliteketea London kwa mabomu ya mwaka 1940. Na orodha ikisema "Pte." wakati ukingo unasema "Drmr.", usikimbilie kumwita muuzaji mwizi. Tafuta kwanza daftari za malipo za kikosi, fungu la WO 12, ambako wapiga ngoma waliorodheshwa peke yao. Jina likiwa hapo miaka ile, mwandishi wa ofisini ndiye aliyekuwa mvivu. Lisipokuwepo, rudi kwenye kalipa.